Uzi: Vituo vya daladala vyenye majina ya viwanda vilivyokufa. Nani hasa aliua viwanda vya nguo?

#1 · Kapu la Ubungo

Wakuu, habari za Jumapili.

Jana niko kwenye daladala natokea Magomeni, konda anaimba zake, "Urafiki! Urafiki wapo?" Kijana aliyekaa pembeni yangu, mwanachuo kwa kumtazama, akaniuliza: "Mzee, hivi huu urafiki ni wa nani na nani?" Abiria wakacheka. Mimi sikucheka. Nilifungua mdomo nimjibu nikakuta jibu halitoshi kabla ya kituo.

Tangu jana nahesabu vituo. Urafiki (nguo). Ubungo Maziwa. Tanganyika Packers kule Kawe, watu wanashuka kwenda mkutano wa injili, ukiwauliza hao Packers walikuwa wanapaki nini hawajui (nyama ya kopo, vijana). Arusha nako ukitaja General Tyre unaonyeshwa njia, ila tairi huoni. Mji mzima makaburi, na konda ndiye anayesoma majina.

Swali langu ni la nguo tu, tusitawanyike. Kila nikiuliza nani aliua viwanda vya nguo naambiwa "mitumba". Mimi nasema mitumba ilikuta maiti sebuleni. Anayebisha aje na hoja, matusi abaki nayo.

#2 · Jamvi Tayari

Nimetandika. Wazee wa Azimio la Arusha njooni, na wale wa ruksa pia.

#3 · Cherehani Nne

Kapu, nakubisha mapema. Mimi ni fundi nguo, nina cherehani nne na zamani zilikuwa tisa. Mteja analeta kitambaa, nampigia hesabu ya ufundi tu, ananiangalia, anasema "kwa hela hiyo napata magauni mawili ya mtumba soko la Karume, na moja lina lebo ya Italia". Sasa hapo nimshindane na nini? Kama mimi mwenye cherehani nimekimbiwa, kiwanda chenye bili ya umeme na mishahara ya maelfu kitapona vipi?

Maiti gani hiyo? Mtu alikuwa mgonjwa, akazibwa pua.

#4 · Reli ya Uhuru

Naongezea historia kidogo. Urafiki ilijengwa na Wachina mwaka 1970, wale wale waliokuja kujenga reli ya TAZARA, wakaona wasirudi mikono mitupu.

#5 · Hesabu za Darasani

#4 hapana mkuu. Urafiki ilifunguliwa 1968, Nyerere mwenyewe. Ujenzi wa TAZARA ndio ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976. Kiwanda kilitangulia reli. Na jibu la yule kijana kwenye daladala ni fupi tu: urafiki wa Tanzania na China. Kiwanda kilijengwa kwa mkopo wao.

Kuna jambo watu huwa hawalisemi. Miaka hiyo hiyo Mwanza ilipata Mwatex, iliyojengwa na kampuni ya Kifaransa, mitambo ya kisasa inayojiendesha zaidi. Urafiki ikachukua mitambo ya Kichina inayohitaji mikono mingi. Kwa nguo zinazokaribiana kwa wingi, Urafiki iliajiri watu wengi zaidi kwa mbali. Wachumi walilinganisha viwanda hivyo viwili miaka na miaka: nchi yenye watu wengi na fedha kiduchu ichukue mashine ya aina gani? Mpaka leo swali hilo halijazeeka. Tunaleta mashine za kuondoa watu halafu tunauliza ajira ziko wapi.

#6 · Zamu ya Usiku

Salaam. Huwa nasoma tu, leo nimeguswa.

Niliingia kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar mwaka 1974, nikatoka 1991. Jina nalihifadhi kwa sababu mafao yetu hayajaisha kudaiwa. Nilikuwa ukumbi wa kufuma.

Ukumbi ule ulikuwa na kelele ambayo siwezi kuielezea kwa maandishi. Mashine mia kadhaa, kila moja inapiga kama mtu anayetwanga kwenye kinu cha chuma. Kwa mdomo hatukuongea. Tuliongea kwa mikono. Ukigonga kifundo cha mkono unauliza saa. Ukivuta shavu unamwambia mwenzio supavaiza anakuja, maana wa kwanza tuliyempata alikuwa na mashavu. Mpaka leo mama watoto analalamika naongea nyumbani kama namgombeza. Siyo ukali, ni masikio.

Sasa niwaambie mashine inakufaje. Haifi siku moja. Kimevunjika kile chombo kinachokimbia na uzi huku na huku. Spea inaagizwa. Barua inapanda ghorofani, inakwenda TEXCO, shirika la umma la viwanda vya nguo, huko wanaomba fedha za kigeni Benki Kuu, na Benki Kuu kuna foleni: mafuta, dawa, mahindi ya njaa. Miezi inapita. Fundi amechoka kusukumwa na lengo la uzalishaji, anafungua mashine ya jirani anatoa kifaa. Sisi tuliita kuchinja. "Leo wamechinja namba arobaini." Mwaka wa kwanza mashine mbili zinazaa moja. Wa pili, tatu zinazaa moja. Ilipofika 1983, safu yetu ya mashine ishirini, zilizokuwa zinapiga ni saba.

Mitumba ya kuuzwa hadharani sijaiona bado wakati huo. Namuunga mkono Kapu.

#7 · Kapu la Ubungo

Mzee #6 shikamoo. Huu ndio ushahidi.

#8 · Mpiga Debe Mstaafu

Kapu umefurahi kama Simba imefunga dakika ya tisini. Ushahidi wa safu moja ya mashine!

#9 · Hesabu za Darasani

Twende taratibu, maana alichosema Zamu ya Usiku kina mzizi mrefu.

1973 bei ya mafuta inapanda duniani. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, tunaanza kununua upya kila kitu tulichokuwa tunatumia pamoja. 1978 Idi Amin anaingia Kagera, vita inakwenda mpaka 1979. 1979 hiyo hiyo mafuta yanapanda tena. Mwaka huo huo Edwin Mtei anaachia Wizara ya Fedha baada ya kutokuelewana na Mwalimu kuhusu masharti ya IMF. Nchi haina dola. Kiwanda cha nguo kinatumia pamba ya hapa, sawa, lakini rangi, dawa za kiwandani na spea ni vya nje.

Sasa kichekesho. Wakati mashine za zamani zinachinjwa, tulikuwa tunajenga viwanda vipya! Mkakati wa viwanda vya msingi ulipitishwa 1975. Musoma ikapata kiwanda cha nguo, Mutex. Kwa nini? Kwa sababu mfadhili wa kukupa kiwanda kizima alikuwepo, apige picha anakata utepe. Mfadhili wa kukupa boksi la bearingi hakuwepo. Waziri naye ni hivyo hivyo, nani amewahi kuzindua bearingi?

Mfano mkubwa ni kiwanda cha viatu Morogoro. Kilipangwa kuuza sehemu kubwa ya viatu Ulaya. Kuta za alumini, hewa haipiti, Morogoro ile yenye joto. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake.

#10 · Reli ya Uhuru

Hicho cha viatu nacho si Wachina?

#11 · Hesabu za Darasani

#10 Benki ya Dunia, mkuu. Wachina waache leo wapumzike.

#12 · Nyakisumo

Habari zenu kutoka huku Kisumu. Nimefuata huu uzi kimya lakini kuna kitu kinaniwasha.

Nyinyi mnajadili kana kwamba ni Ujamaa, ama TEXCO, ama vita ya Amin ndio iliwamalizia viwanda. Sawa. Sasa niambieni, sisi hatukuwa na Ujamaa. Hatukupigana vita Kagera. Tulikuwa tunajisifu ni watu wa soko huria. Na kiwanda cha nguo cha Kicomi hapa Kisumu kilikufa. Rivatex kule Eldoret ikafungwa, kisha Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, ikakaa mpaka 2019 ndio Rais Uhuru Kenyatta akaifungua upya na mashine mpya za mkopo wa India. Raymond nayo, iliyokuwa fahari ya Eldoret kwa mablanketi, ilinyamaza.

Kwetu yote hayo yalitokea miaka ya tisini, baada ya serikali kufungua soko. Soko la mitumba la Gikomba lilinenepa wakati Kicomi inakonda. Mimi naona kwa macho yangu: mitaa iliyokaliwa na wafanyikazi wa kiwanda iligeuka mitaa ya wauza mitumba, watu wale wale, nyumba zile zile. Baba ya rafiki yangu alikuwa anafuma, akaishia kuuza suruali za Wajerumani.

Kwa hivyo kama wagonjwa wawili wamelala vitanda tofauti, wamekula chakula tofauti, na wamekufa na ugonjwa mmoja, daktari mzuri anaangalia kile walichoshiriki.

#13 · Cherehani Nne

Asante Nyakisumo!! Kapu, jibu hiyo.

#14 · Kapu la Ubungo

Nyakisumo karibu sana. Hoja nzito, sitajifanya sijaiona. Lakini hata wewe umesema mgonjwa wako alikufa miaka ya tisini. Wetu alikuwa hoi toka 1980. Kuna anayekufa kwa kukosa damu na kuna anayegongwa na gari. Wote wako mochwari moja.

#15 · Ruksa 85

Mnazunguka. Mitumba na bidhaa za nje aliruhusu Mzee Mwinyi alivyoingia 1985, ndiyo maana tukamwita Mzee Ruksa. Kabla ya hapo Mwalimu alikuwa amefunga mlango na viwanda vilikuwa salama.

#16 · Foleni ya RTC

Salama?? Wewe 1983 ulikuwa umezaliwa?

Kwanza tarehe. Mlango wa "mwenye dola zake alete bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi" ulifunguliwa na bajeti ya 1984, Mwalimu akiwa bado Ikulu. Mwinyi aliukuta wazi, akaupanua, akasaini na IMF 1986.

Pili, kabla ya hapo hali ilikuwa hivi: mama yangu amejifungua mdogo wetu, anatakiwa apate khanga doti moja. Doti moja, wakuu. Ilibidi baba apate kibali, aende duka la RTC (kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa), apange foleni kuanzia saa kumi alfajiri na tofali lake (ukienda haja unaacha tofali, tofali linakushikia nafasi). Foleni ikafika dirishani, khanga zimekwisha, zimebaki soksi za shule. Akanunua soksi. Unachukua kilichopo, utabadilishana na jirani.

Tatu, na hapa ndipo ninapotofautiana na nyote: aliyeua kiwanda ni bei. Toka 1973 kulikuwa na Tume ya Bei, inapanga bei ya karibu kila kitu. Kiwanda kinauza khanga kwa bei ya serikali, mlanguzi nje ya geti anaiuza mara kadhaa ya hapo. Faida yote ya nguo iliingia mfuko wa mlanguzi, kiwanda kikabaki na hasara na sifa. 1983 Waziri Mkuu Sokoine akawafuata wahujumu uchumi, watu wakatupa majora ya vitambaa usiku kwenye mitaro. Mitaro ilivaa vizuri kuliko sisi.

#17 · Mpiga Debe Mstaafu

"Mitaro ilivaa vizuri kuliko sisi" 😂😂 Foleni ya RTC nakupa soksi mbili.

#18 · Binti wa Kotazi

Naomba niseme lililonikaa rohoni, msinihukumu.

Mama yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo, mji siutaji. Alikuwa kitengo cha kumalizia, wanakunja na kupima. Miaka ya themanini mwanzoni mshahara ulikuwa haufiki tarehe kumi. Jioni akirudi, alikuwa ananiita chumbani nimsaidie. Ananipa ncha, anaanza kuzunguka, na mimi navuta. Kitambaa kinatoka kiunoni mwake mita baada ya mita, chini ya gauni. Nilikuwa na miaka saba, nilidhani ni mchezo. Nilikuwa nacheka. Yeye alikuwa hacheki.

Getini kulikuwa na wapekuzi, wanawake wenzao. Mama alisema mpekuzi naye ana watoto. Kitambaa kile ndicho kilichonunua daftari zangu.

Watu wanaposema wafanyakazi ndio walioiba viwanda vikafa, huwa nanyamaza. Kweli waliiba. Lakini lori lililotoka na majora usiku likiwa na karatasi zote sahihi halikupekuliwa kiunoni.

#19 · Zamu ya Usiku

#18 binti yangu, usione haya. Kila aliyefanya kazi kule analijua hilo lori.

#20 · Ruksa 85

Nimekubali marekebisho ya 1984. Mengine sijakubali.

#21 · Mwongozo 15

Mmeongea uchumi mpaka mmesahau siasa. Kiwanda si mashine tu, ni mahali watu elfu tatu wanakutana wana shida moja. Kabla ya hapo mkulima yuko peke yake na jembe lake.

Tazameni: Januari 1947 Mombasa iligoma mji mzima, ikazaliwa African Workers Federation ya Chege Kibachia. Mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar wakagoma. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu hata TANU iliviogopa. Baada ya maasi ya jeshi Januari 1964, viongozi wa vyama walikamatwa, shirikisho lao la TFL likavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja chini ya serikali. Mfanyakazi akapewa bendi (NUTA Jazz, ndiyo hii Msondo ya leo), akanyang'anywa mgomo.

Kisha 1971 TANU ikatoa Mwongozo. Kifungu cha 15 kilisema kiongozi asiwe na kiburi wala dharau wala uonevu. Wafanyakazi walikisoma wakakichukua kama kilivyo! Wakaanza kuwafungia mageti mameneja wenye kiburi. 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakamtoa mwenye mali wakaendesha wenyewe. Serikali ilianza kwa kuwachekea, baadaye polisi wakatumwa viwandani.

Hoja yangu: siku mfanyakazi alipojua kwamba hata akisema meneja mwizi yeye ndiye atakayefukuzwa, siku hiyo ndiyo kiwanda kilikufa. Kitambaa cha #18 kilianzia hapo.

#22 · Foleni ya RTC

Mwongozo 15, na upande wa pili useme. Kuna mameneja waliogopa hata kumwonya anayelala zamuni kwa sababu ataitwa mkutanoni kama bepari. Kaka yangu alikuwa bwana utumishi kiwandani wakati huo. Anasema kulikuwa na mikutano mitatu kwa wiki na nguo hakuna.

#23 · Mwongozo 15

Kaka yako alikuwa bwana utumishi, tulitegemea aseme nini.

#24 · Foleni ya RTC

Haya bwana kifungu cha kumi na tano.

#25 · Nesi wa Jumatatu

Jamani na afya je? Nilifanya kazi zahanati iliyokuwa jirani na kiwanda cha kusokota uzi. Jina langu la humu limetoka pale.

Wagonjwa wa kifua walikuwa wanakuja Jumatatu. Mtu Jumapili amepumzika, amecheza bao, hana neno. Jumatatu akiingia kazini, kufika jioni kifua kimebana kama kimefungwa mkanda. Jumanne nafuu kidogo. Miaka ikienda, kifua kinabana wiki nzima, mwisho hakiachii kabisa. Ni vumbi la pamba. Waingereza wa Lancashire waliujua ugonjwa huu toka karne ya 19, hata jina walikuwa nalo linalotokana na Jumatatu hiyo hiyo.

Wagonjwa wangu wengi waliandikiwa pumu tu. Wakipunguzwa kazi wanaondoka na pumu yao, fidia hakuna, maana pumu si ya kiwandani.

Kwa hiyo mnapolilia viwanda, mlilie na dirisha la kupitisha hewa.

#26 · Zamu ya Usiku

Nesi, sisi tulikuwa tunakunywa maziwa. Tuliambiwa yanashusha vumbi.

#27 · Nesi wa Jumatatu

Yanashusha njaa, mzee wangu. Mapafu na tumbo ni njia mbili.

#28 · Lindanda wa Maswa

Mwasuza! Mnakumbuka viwanda, mnakumbuka khanga, mnakumbuka lori. Pamba mnadhani inaota kiwandani?

Sisi wa Usukumani tulikuwa na vyama vyetu vya ushirika, tumevijenga toka mkoloni, vina jinari zao za kuchambulia pamba. 1976 serikali ikavifuta kwa tamko. Ikaja Mamlaka ya Pamba. Unapeleka pamba yako kwenye ghala, inapimwa, unapewa karatasi. Karatasi hiyo unaitunza kwenye kibuyu mpaka pesa zije. Msimu mwingine mvua zimeshaanza, karatasi bado iko kwenye kibuyu. Watu wakang'oa pamba wakapanda mpunga na mahindi, na waliokamatwa kwa kuacha pamba walikamatwa.

Kwa hiyo kabla hamjauliza nani aliua kiwanda, ulizeni nani alikilisha. Mgongo huu hapa. Na hadi leo sehemu kubwa ya pamba yetu inapanda meli ikiwa marobota, inarudi ikiwa fulana.

#29 · Mpiga Debe Mstaafu

Lindanda! Kwa jina hilo wewe ni Pamba FC damu. TP Lindanda ilikuwa inapiga watu Kirumba, aisee.

#30 · Lindanda wa Maswa

Usinipoteze kwenye mada... lakini ndiyo, ilikuwa inapiga.

#31 · Jamvi Tayari

Na bendi msisahau. Urafiki Jazz, Ngulimba wa Ngulimba akiimba, vyombo vimenunuliwa na kiwanda. Siku hizi kampuni ikikupenda inakupa kikombe chenye nembo.

#32 · Mama wa Kenya (Katanga)

Jambo yenu bote. Mie niko Lubumbashi, commune Kenya, si inchi ya Kenya, musichanganye.

Munasema kiwanda inakufa. Huku yetu ilikuwa ni kampuni ya mukuba (shaba), Union Minière, ilianza 1906, kisha ikakuwa Gécamines. Babu yangu alitoka mbali kuya kutumika. Kampuni ilimupa nyumba, unga kila juma, masomo ya batoto, hopitali, hata bibi alifundishwa kushona. Bazee balikuwa banasema "kazi njo baba, njo mama". Na hii kiswahili yetu ninaandika hapa, ilikomaa mu ma camp ya kampuni, sababu batu balitoka kabila mingi, balikosa luga moja.

2003 kampuni ilitosha ku kazi batu zaidi ya 10,000 kwa mara moja, program ya "kuondoka kwa mapenzi". Baba yangu alikuwa mwamo. Ile siku hatukupoteza kazi tu. Tulipoteza na baba na mama.

#33 · Hesabu za Darasani

#32 asante sana mama. Mapenzi gani hayo ya kuondoka! Huku kwetu waliita kupunguzwa, ubinafsishaji ulipoanza miaka ya tisini. Angalau "kupunguzwa" halina unafiki.

#34 · Cherehani Nne

Naomba turudi kwenye nguo. Mnajua 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kabla ya 2019? Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ikasema sawa, basi mtakosa AGOA, sheria yao ya kuuza kwao bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru.

Kapu, mtu akitaka kufufua maiti anazuiwa mlangoni. Na bado unasema mitumba haina kesi?

#35 · Nyakisumo

Kwa Cherehani: kuwa mkweli pia, sisi huku tuna viwanda vya Athi River vinavyoshona kwa ajili ya AGOA toka 2000. Vimeajiri maelfu, wengi wasichana. Lakini kitambaa kingi kinatoka Asia, kinashonwa tu na kuondoka. Na kiwanda kikihama kinahama na cherehani zake usiku mmoja. Sisi tulirudi nyuma kwa sababu ya hao wasichana. Mimi singewaambia warudi nyumbani ili nivae shati la fahari.

#36 · Pwani ya Zamani

Mmeanza katikati. Kifo cha kwanza hakikuwa 1984 wala 1980.

Nendeni duka lolote la vitambaa muombe "marekani", ile nguo nyeupe isiyopaushwa. Mnajua kwa nini inaitwa hivyo? 1833 Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani, meli za bandari ya Salem zikawa zinatia nanga Unguja na majora kutoka viwanda vya Massachusetts. Nguo imara na rahisi. Ikaingia bara mpaka ikawa fedha: mpagazi analipwa kwa mikono ya marekani, chifu anatoza hongo (ushuru wa kupita) kwa marekani. Pembe za ndovu zikarudi kule, nyingi zikaishia Connecticut kuwa vibonye vya piano. Na pamba ya nguo hiyo ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1861 nguo ikaadimika, Bombay ikaingia kwenye pengo.

Wakati huo Wafipa walikuwa wanafuma pamba yao kwa mkono, na pwani kulikuwa na wafumaji. Hao hawana hata kituo cha daladala.

#37 · Mpiga Debe Mstaafu

Kwa hiyo muuaji ni piano. Uzi ufungwe.

#38 · Kapu la Ubungo

Nimesoma yote. Kwa hiyo mpaka sasa washukiwa ni: spea, wafadhili wa kukata utepe, Tume ya Bei, kiuno, lori, kifungu cha 15, kibuyu cha Lindanda, AGOA na piano. Nilikuja na hoja moja, naondoka na kesi tisa. Cherehani, nakupa nusu: mitumba haikuua, lakini ilikaa juu ya kaburi isitoke mtu.

#39 · Cherehani Nne

Nusu siitaki. Nitasubiri nyingine.

#40 · Lindanda wa Maswa

Kibuyu changu umekiweka kwa washukiwa? Kibuyu ni mlalamikaji!

#41 · Binti wa Kotazi

Mzee Zamu ya Usiku, nina swali nje ya mada. Zile ishara za mikono, umeme ukikatika mlikuwa mnafanyaje? Giza lile hamwonani.

#42 · Zamu ya Usiku

Hahaha, hilo hajawahi kuniuliza mtu.

Umeme ulipokatika usiku, kwanza mashine zinapunguza mwendo zenyewe kama watu waliochoka, halafu kimya. Kimya kile kilikuwa kinauma masikio. Hakuna anayeona mkono wa mwenzake. Basi ndipo watu wanaanza kuongea kwa mdomo, kwa sauti ya juu bila kujua.

Jirani yangu wa mashine alikuwa mtu wa Kilosa, jitu la miraba minne. Tulikuwa tumekaa pamoja karibu mwaka, tunataniana kwa vidole kila siku, zamu zetu zinaishia getini kila mtu na basi lake. Mgao wa kwanza ulipotukuta wote ukumbini, nikasikia mtu pembeni yangu anasema, "Nani kanikanyaga?" Sauti nyembamba kama ya mtoto wa madrasa. Nikauliza, "Wewe nani?" Akasema, "Mimi si ndiye wa hapa hapa."